Mwenyekiti Kavutha na Mgeni wa Mtoni

Kavutha tulimchagua kuongoza mwethya wetu kwa sababu alikuwa mwanamke asiyewahi kugombana na mtu. Huku upande wa Muthetheni mwethya ndio nguvu yetu: filimbi ikilia, kila nyumba inatoa mtu mmoja na chombo chake cha kazi, leo tunachimba matuta kwa fulani, kesho kwa mwingine. Ukija mikono mitupu unarudishwa. Mimi ndiye mwandishi wa kikundi, na tangu Kavutha achukue filimbi hata wavivu waliamka. Waliochelewa aliwatania, nao wakacheka wakishika majembe.

Kisha wezi wa mchanga wakaanza kuja mtoni. Bwawa letu la mchanga, ukuta wa kuzuia mchanga unaotunza maji chini yake, tulilijenga miaka miwili, mawe tukiyabeba kichwani. Mchanga ukiondoka, maji yanaondoka nao, na hapo sisi na ng'ombe wetu tumekwisha. Mwezi wa nane lori lilikuja likabeba karibu robo.

"Huyu ni mwenyekiti gani?" Musau mwenye duka aliuliza mbele ya watu wote. "Kazi yake ni kucheka tu."

Kavutha hakucheka tena. Aliogopa lori, na nadhani alituogopa sisi zaidi.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, alimwona mwanamume asiyemjua amepiga magoti katikati ya mto mkavu, anachimba. Akapiga filimbi.

Tulifika kama watu thelathini. Hakuna aliyekuja na silaha, hilo lieleweke. Tulikuja na majembe na sururu kama sheria yetu inavyotaka. Yule mtu alisimama akainua mikono, akasema neno ambalo hakuna aliyelisikia kwa kelele zetu. Kavutha alikuwa mbele. Aligeuka akatutazama, akamtazama Musau, halafu akainua jembe akampiga mgeni begani. Hapo ndipo wote tukamrukia. Mimi pia nilipiga. Mara ngapi, sisemi.

Kavutha ndiye aliyeona shimo. Lilikuwa na kina cha mkono mmoja, maji yameanza kujaa chini, na kando yake kulikuwa na mtungi mdogo. Mtu alikuwa anachimba maji ya kunywa, kama sisi tunavyochimba kila siku. "Ni maji!" alipiga kelele. "Acheni!" Akapiga filimbi mpaka ikakwama, na hakuna aliyeacha. Mwishowe akajilaza juu ya yule mtu. Tuliacha tulipompiga yeye mgongoni.

Mgeni aliitwa Kilonzo, mchongaji wa vinyago kutoka Wamunyu, aliyekuwa akienda kwa miguu kumwona mama yake mgonjwa ng'ambo ya mto. Mkono wake wa kulia ulivunjika. Chifu alipouliza, tulimwambia ni umati, na umati hauna jina. Kwenye mkutano tukampongeza Kavutha kwa kuokoa maisha. Alisimama aseme jambo, Musau akapiga makofi, nasi tukapiga zaidi mpaka akaketi.

Tangu siku hiyo, lango likilia anaacha ugali motoni na kusimama nyuma ya mlango. "Siogopi polisi," aliniambia. "Naogopa huu mkono wangu. Uliinuka kabla sijauambia."

Mwezi wa kumi Kilonzo akaja nyumbani kwa Kavutha, mkono umefungwa, kuku kwapani. Nilikuwa pale tukipanga kazi za wiki. Alikataa kiti.

"Mwaitu, nimekuletea kuku," alisema. Alimwita mama, ingawa yeye ndiye aliyemzidi Kavutha kwa miaka kumi.

Kavutha alipauka kama majivu. "Usinipe kitu. Jembe la kwanza lilikuwa langu."

"Najua. Nilikuona."

"Sasa kuku ni ya nini?"

"Mama bado ni mgonjwa, na njia ni hii tu. Nilitaka unione sura vizuri, mwenyekiti. Ndio siku ingine nikipita, mnijue." Alijaribu kutabasamu. "Mimi niko na watoto."

Nilitamani aje na panga, au na askari, tungejua la kufanya. Kavutha alilia bila sauti. Kisha akanyoosha mkono ampokee kuku, na yule mwanamume mzima akaruka nyuma, akajikinga uso.