Alama ya Shavuni

Majirani wa studio walimwita Macho, kwa sababu hakuna doa lililomponyoka kwenye picha kuukuu. Kuzisafisha ndiyo ilikuwa kazi yake: anaiskani picha, anaikuza kwenye skrini yake pana, kisha anafuta vumbi na ukungu kidogo kidogo mpaka sura inarudi. Mkono alikuwa nao, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakupenda vitu viwili viwili. Kipya kikiingia, cha zamani kitoke.

"Akiba haiozi, baba watoto," mkewe alimwambia mara nyingi.

"Haiozi, lakini inajaza nyumba."

Siku moja shangazi aliyemlea akamletea picha ya bintiye, aliyefariki akiwa mtoto. Ilikuwa hiyo hiyo moja tu duniani, nayo imegandana na kioo cha fremu. Macho akaiskani ikiwa bado na kioo chake, halafu akajaribu kuibandua. Ikatoka vipande vipande kama ganda la yai. Si kitu, akajisemea, ya kwenye kompyuta ipo.

Kesho yake akasasisha Linux, mfumo wa kompyuta yake, ikaja na kerneli mpya, ule moyo unaoendesha mfumo mzima. Kompyuta ilipowaka tena, skrini pana ikajaa maandishi manene yenye ukungu. Akaingia kwenye mipangilio kutafuta ukubwa wa skrini aliouzoea, ule unaoonyesha kila kitu kwa uwazi. Haukuwepo, umebaki ule wa chini kabisa. Akampigia simu rafiki yake, fundi wa kompyuta.

"Hilo dogo," fundi akacheka. "Washa kwa kerneli ya zamani, mambo yatarudi."

"Nimeshaifuta."

"Umeifuta? Ilikuwa inakula nini kwako, bwana? Basi usiguse kazi, nitapita kesho."

Lakini shangazi alikuwa anakuja jioni ile ile, na Macho aliona aibu kumwambia angoje. Akakaa akasafisha kwa kubahatisha. Kila kilichoonekana cheusi kwenye uso ule wa ukungu, akafuta. Alipomaliza akahifadhi juu ya faili ile ile, ya awali ikafutika, kama kawaida yake, akachapa.

Shangazi akaipokea kwa mikono miwili. Akatabasamu, kisha tabasamu likakatika.

"Mwanangu, na ile alama yake ya shavuni?"

Macho akainamia picha. Baka dogo jeusi, mtoto alizaliwa nalo. Alikuwa amelifuta akidhani ni vumbi. Alijuta, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, shangazi. Nitairudisha sasa hivi. Nionyeshe tu ni shavu lipi."

Walilelewa nyumba moja na marehemu, wakala sahani moja, na bado hakukumbuka.

"Si ni hili hapa," shangazi akasema, akagusa shavu lake la kushoto. Kidole kikatulia hapo. Kisha kikahamia la kulia, kikarudi tena la kushoto, na yule mama akaanza kulia.