Kingi Moja Dhidi ya Tatu

Wewe mwanamume unayesoma hapa, umewahi kumfukuza mama mtu mzima kwenye benchi kwa kuwa tu mchezo ni wa wanaume? Sisi kijiweni Heru Juu tulimfukuza Esteri Niyubahwe mwezi mzima, na mimi niliyemaliza chuo nilicheka pamoja na wenzangu. Aibu hiyo ni yangu.

Esteri, ambaye wengi tunamwita Mama Pasikali, anauza maharage sokoni. Mumewe alilala kitandani miaka miwili kule Kitahana, upande wa Kibondo, miguu imepooza, akiwa hana burudani nyingine ila drafti. Esteri alicheza naye kila alasiri hadi alipofariki. Hakuwahi kumfunga hata mara moja. Alichojifunza ni kutofungwa.

Baada ya msiba hakuwa na wa kucheza naye, ndipo akaanza kuja kwetu. Jumamosi moja Nurudini, muuza spea za pikipiki ambaye hakuna aliyemweza tangu mwaka juzi, alichoka kumwona amesimama nyuma yetu.

"Mama, kaa tumalize. Nikikufunga, usirudi tena hapa."

"Na usiponifunga, mwanangu?"

"Basi utacheza kila siku, mpaka uchoke mwenyewe!"

Tukaangua kicheko.

Vizibo vya soda tunavyochezea vililiwa upesi, vya Esteri zaidi, mpaka Nurudini akabaki na kingi tatu, vizibo vilivyofika mwisho wa ubao, na Esteri kingi moja tu.

"Mama Pasikali, maharage yanaungua huko!" dereva mmoja wa bodaboda akapiga kelele.

Lakini kingi ile ilishika mstari mrefu, ule wa kutoka pembe hadi pembe, ikawa inapanda na kushuka humohumo. Kijiweni kwetu, kingi tatu zikishindwa kuila moja kwa hatua kumi na tano, ni sare. Tulianza kuhesabu kwa kejeli. Tulipofika kumi, tulikuwa tunanong'ona.

"Kumi na tano," akasema Esteri mwenyewe. "Hujanifunga."

Nurudini alikusanya vizibo, akaondoka. Nikajua ahadi ya kumwacha Esteri acheze kila siku imekufa.

Kesho yake asubuhi, nikipita sokoni, nilimkuta Nurudini amechuchumaa mbele ya Esteri, ubao ameuweka juu ya ndoo. Amepanga kingi tatu na moja.

"Mama, leo hii moja nishike mimi."

Esteri alimpimia mteja wake maharage kwanza. Kisha akajifuta mikono, akasogeza mojawapo ya zile kingi tatu.