Uji wa Bibi na Nywele za Mama

Shangazi Luciana, dada yake baba, hakuhitaji kalenda kujua msiba umekwisha. Vidole viwili vilimtosha. Kwetu Mwankoko, mtu akifa, wanawake wote wa kaya walinyolewa upara, wakafunga vitambaa vyeusi, wakangoja. Nywele zikiota hadi kushikika, shangazi alipita kichwa kwa kichwa akizivuta. Akiridhika, pombe ya matanga ilipikwa, vitambaa vikavuliwa, na watu wakarudi kwenye shughuli zao.

Bibi yangu mzaa baba alikufa miaka michache kabla ya Uhuru, Bwana Shauri wa Kiingereza bado akikaa pale mjini Singida na kutupangia mambo. Mimi nilikuwa na miaka miwili, sikumbuki chochote. Haya yote nimeyapata kwa mama yangu, Redempta, aliyeyasimulia kila mara kwa hasira ileile, utadhani yalitokea juzi.

Miezi miwili baada ya mazishi shangazi akapima vichwa. Wanawake sita walipita. Wa saba alikuwa mama. Vidole vya shangazi vilishika nywele juu ya paji, vikashika utosini, kisha nyuma ya sikio vikateleza. Akamwinamisha mama juani. Palikuwa na mabaka matatu ya mviringo, laini kama kiganja, bila hata unywele mmoja.

"Marehemu hajamwachia huyu," shangazi alisema. "Ana neno naye."

Pombe haikupikwa. Msiba wa ukoo mzima ukabaki umening'inia kwenye kichwa cha mwanamke mmoja wa miaka ishirini na minne. Shangazi akatoa muda: wangengoja hadi mavuno ya uwele. Nywele zisipoota, Redempta angerudi kwao Mkiwa, na mtoto angebaki kwa baba yake. Mtoto mwenyewe ndiye mimi.

Tangu siku hiyo mama hakuwa na raha. Alikuwa akisaga, mkono mmoja ukaliacha jiwe na kwenda kichwani. Alikuwa akichota maji, mkono kichwani. Kila asubuhi alifungua kitambaa chake polepole, akatazama ndani, na kila asubuhi alikuta nywele nyingine zimelala humo. Shangazi naye alileta dawa yake, magadi ya ziwani yaliyosagwa na kuchanganywa na majivu, akayasugua kwenye mabaka mpaka ngozi ikachubuka. Mama aliuma meno. Mabaka matatu yakawa matano, kisha mawili yakakutana yakawa moja kubwa.

"Sema ulichomfanyia mama yangu," shangazi akawa anamwambia kila akimsugua. "Ukisema, atakuachia."

Mama hakuwa amemfanyia kitu. Bibi aliugua miezi minne, hana jino la kutafunia, na mama ndiye aliyempikia uji wa uwele, akauchuja, akamnywesha kwa kata ndogo mara tatu kwa siku. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Siku moja, wazee wakiwa wamekaa uani na shangazi amesimama juu yake, mama alisema, "Nilimnyima uji."

Nimemuuliza mara nyingi kwa nini alichagua neno hilo. Alinijibu, "Nilikuwa natafuta kosa dogo, mwanangu. Kosa ambalo lingetosha, lakini wasinifukuze."

Baba yangu, Fabiano, alikuwa palepale akichonga mpini wa jembe. Hakuinua uso. Shangazi alifurahi kama aliyepata ng'ombe wake aliyepotea. Uji ukapikwa, ukamwagwa kaburini, na watu wakaanza kungoja upya.

Nywele zilizidi kuanguka. Kisha nusu ya nyusi ya kushoto ikaondoka nayo.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Mwanamke mmoja kisimani alimtazama mama usoni, akasogeza mtungi wake mbali, na baadaye mama akalisikia neno likisemwa nyuma yake: ukoma. Kila mtu alijua ukoma hula nyusi. Kila mtu alijua pia kuhusu kambi ya wakoma, na watu waliopelekwa huko wakiacha watoto wananyonya. Hospitali ya serikali mjini ilikuwa mwendo wa asubuhi moja tu, na kwa sababu hiyohiyo mama alikuwa akiikwepa. Wanaoujua ukoma wako huko. Afadhali magadi ya shangazi kuliko kuandikwa kwenye daftari lao.

Akaacha kunibeba. Nilikuwa nikimnyooshea mikono, naye anarudi nyuma na kunisukumia kibuyu nichezee. Akawa ananilisha kwa kijiko cha mti kirefu, uso ameugeuza. Siku ya nne nililia mpaka nikakaukiwa sauti, nikalala chini mlangoni. Mama anasema alinitazama pale chini, akaona kwamba tayari ameninyang'anywa, na aliyeninyang'anya ni yeye mwenyewe.

Kesho yake alinikunja ndani ya blanketi ili ngozi zetu zisigusane, akanifunga mgongoni, akaenda mjini. Alimwomba baba amsindikize. Baba alisema ana ndama mgonjwa.

Aliyempokea alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, jina lake Nathanaeli, mwanamume mwembamba wa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi. Mama alipotaka kumweleza habari za marehemu, alimkatiza. "Kwanza nione kichwa, mama. Hadithi tutaisikia baadaye." Akafungua kitambaa. Akachukua kioo cha kukuzia, akatazama kingo za mabaka moja baada ya jingine. Akaguna alipofika kwenye michubuko.

"Nani amekuunguza?"

"Ni dawa. Magadi."

"Hiyo si dawa. Sasa fumba macho. Nitakugusa kwa unyoya huu wa kuku. Ukisikia, sema 'hapo'. Mwenye ukoma, baka lake halisikii."

Mama alifumba macho. Mimi nilikuwa nimekalishwa sakafuni, nimeshika pindo la nguo yake. Alingoja. Alielekeza akili yake yote kichwani, lakini hakusikia kitu. Akangoja tena. Bado. Machozi yakapenya kwenye kope zilizofumbwa, akapiga kelele, "Sisikii! Bwana dresa, sisikii!"

"Mama, sijakugusa bado. Natafuta unyoya ulioanguka."

Kisha ukamgusa. "Hapo," alisema. "Hapo. Hapo. Hapo." Aliendelea kusema hapo hata Nathanaeli alipokwisha kuuweka unyoya mezani, na akasema hivyo huku ameniinua kutoka sakafuni na kunibana kifuani bila blanketi.

Nathanaeli alimpa muda wa kulia, kisha akamweleza kila kitu. Si ukoma. Si mashilingi ya ngozi pia, maana mashilingi huacha magamba na vishina vya nywele zilizokatika, na ngozi hii, mahali ambapo haikuunguzwa, ni safi. Ni ugonjwa unaozisimamisha nywele zisiote, na hata madaktari wakubwa hawajajua kwa nini. Hauambukizi mtoto wala mume.

"Nitakupa mafuta, lakini ni ya michubuko. Dawa ya nywele sina, na atakayekuambia anayo anakudanganya. Acheni magadi. Njoo kila mwezi nikutazame."

"Zitarudi?"

"Wengi hurudiwa. Wengine huchukua mwaka. Wengine hazirudi kabisa, sikufichi. Na zikianza kuota, mara nyingi hutangulia nyeupe. Usije ukaogopa."

Mama akauliza swali lililomleta. "Hata kama mtu ana kosa kwa marehemu?"

"Nywele hazijui makosa. Zingejua, baraza la mtemi lingejaa vipara." Akafikiri kidogo. "Ingawa wapo kadhaa."

Nyumbani mama alisema si ukoma, akakataa magadi. Shangazi alicheka. Dresa anajua vidonda, alisema, mambo ya wafu atayajulia wapi? Na siku za mavuno zilikuwa zinakuja. Mama akarudi hospitali mara mbili, mara zote Nathanaeli akasema ngoja, naye akangoja, vidole havitoki kichwani. Uwele ukatoa masuke, akina mama wakaanza kufukuza ndege. Wiki mbili kabla ya kuvuna, vidole vyake vikakuta kitu kama manyoya ya kifaranga.

Siku ya siku ikafika. Ukoo ulikaa uani, shangazi akafungua kitambaa cha mama mbele ya wote. Mabaka yote yalikuwa yameota nywele fupi, nyeupe pepepe. Shangazi alizishika, akazivuta, zikashika. Bibi alikufa na kichwa cheupe hivyohivyo.

"Ni nywele za mama," alisema, na akalia kwa kweli. "Amepokea ungamo. Amekusamehe kumnyima uji."

Vigelegele vikapigwa. Kila alichokuwa akikiogopa mama kilikuwa kimekwisha: nyumba ni yake, mtoto ni wake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Na nani angemlaumu kama angenyamaza?

"Dresa aliniambia zitatangulia nyeupe," mama akasema. "Na uji nilimpa. Kila siku nilimpa."

Vigelegele vikakatika. "Basi ulidanganya mbele ya wazee?" shangazi akauliza.

"Nilidanganya kwa sababu mlitaka kuninyang'anya mtoto."

Ndipo baba alipokohoa na kusema, macho yako chini, "Ni kweli. Nilikuwa namwona akimnywesha. Kila siku nilimwona."

Shangazi alikaa chini. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema basi, yamekwisha, pombe ipikwe. Watu walidhani mama atamshukuru baba. Yeye alimgeukia, kichwa wazi, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Ulikuwa unaniona?" akamuuliza.

Mwaka uliofuata nywele zilirudi nyeusi zote, na shangazi hakupima tena kichwa cha mtu. Mama hakuondoka. Walizaa wengine wanne, wakalima, wakazeeka. Baba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, hana nguvu ya kuinua mkono, mama ndiye aliyempikia uji wa uwele na kumnywesha kwa kata. Nilikuwa nikikaa nao. Kila alipomfikishia kata mdomoni, aliisimamisha kwanza.

"Fabiano, unaniona?"

"Nakuona."

"Sema kwa sauti, mtoto asikie."

"Nakuona, Redempta," baba alisema, ndipo akanyweshwa.