Sufuria ya Sombe na Safari ya Yaya Neema

Aliyeshinda alibaki Malvern, mtaa wetu hapa Johannesburg; aliyeshika nafasi ya pili akapanda ndege. Jambo hilo hunirudia kila ninaponusa ncha za rasta zikichomwa kwa kibiriti, na hasira yangu haijapoa.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi nyuma ya saluni ya mama, Jules Street, na harufu ile iliingia hadi kwenye mkate. Yaya Neema, dada yangu mkubwa, alisomea ususi chuoni. Kila jioni alisuka na kufumua kichwa cha sanamu alichopewa, nami nilikishika kisiyumbe. Aliwashinda wenzake chuoni, kisha mkoani, kisha nchi nzima. Kilichobaki ni kwenda ng'ambo kushindana na vijana wa dunia.

Siku ya kumpongeza, mwalimu wake alitusimulia mashindano hayo yalikotoka. Yalianzia Uhispania, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mafundi walikuwa wachache na vijana hawakuzipenda kazi za mikono, basi wakashindanishwa ili wazione zina heshima. Baadaye wakaalikwa majirani, Wareno, na nchi nyingine zikafuata. "Walitaka vijana wafahamiane," alisema. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha.

Sasa, mama ana desturi yake ya Bukavu. Mtu akimfundisha mwanao, unampelekea chakula na kujitambulisha: wewe ni nani, umetoka wapi. Kumshukuru mtu asiyekujua, husema, ni kama kumsalimu ukiwa nyuma ya pazia. Akapika sombe, kisamvu cha kwetu, akaifunga sufuria kwa kitenge, tukaenda chuoni sote watatu.

"Neema, mwambie sisi ni batu ya Bukavu. Kwetu mwalimu ni mzazi."

Yaya akatafsiri kwa Kizulu chake safi, kile kilichofanya watu wamuulize alizaliwa sehemu ipi ya Soweto. Mwalimu alikuwa ameshaonja, akicheka.

"Bukavu? Hiyo iko upande gani wa Durban?"

"Iko Kongo, ma'am."

Kijiko kikasimama. "Eish, Neema. Wewe si wa hapa?"

"Hukuniuliza, ma'am. Karatasi zangu ziko ofisini tangu siku ya kwanza."

Kabla wiki haijaisha wakuu wa chuo wakamwita: anayeiwakilisha nchi lazima awe raia. Nafasi alipewa msichana aliyemfuata. Kisha, bila haya, wakamwomba yaya amfundishe mtindo uliompa ushindi. Akamfundisha. Mimi ningezifunga zile nywele mafundo.

Saluni nayo haikumhurumia mama. "Mama Neema, ungepeleka chipsi tu na ukanyamaza!" alisema jirani aliyekuwa akisukwa. "Mdomo wako umemshusha mtoto kwenye ndege." Wengine wakacheka. Mama aliendelea kusuka, lakini sombe hakuipika tena mwaka ule, na mimi niliichukia sufuria kana kwamba ndiyo iliyotunga sheria.

Ilinichukua miaka kujua nimkasirikie nani. Mama alitaja kwao tu. Sheria ilikuwepo kabla ya raundi ya kwanza, na karatasi zilikuwepo ofisini. Hakuna aliyejisumbua kuzisoma mradi mikono ya yaya inakiletea chuo sifa. Mashindano yaliyoanza kwa kumkaribisha jirani yalimfikia jirani aliyekuwa tayari ndani ya nyumba, yakamwambia atoke. Na wakubwa wote walizungumza naye kwa upole, kama watu wanaotoa pole msibani. Upole ule ndio unaonichoma zaidi.

Yaya sasa amepita umri wa kushindana. Mdogo wetu Josué, aliyezaliwa hapa hapa Johannesburg, anasomea uchomeleaji na mwezi uliopita alishinda mkoani. Wamemuuliza kama ni raia. Ombi lake la uraia liko serikalini tangu mwaka juzi, na hadi leo asubuhi hakuna aliyelijibu.