Vipima Mionzi Saba na Saa Iliyokufa

Wastaafu wenzangu hapa Mabawa hukusanya vyombo vya kabatini. Mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote nakusanya vipima mionzi vya zamani, vya enzi mataifa makubwa yalipokuwa yakitishiana mabomu ya atomiki: masanduku ya chuma yenye mkono wa kubebea, kioo chenye mshale, na kifimbo cha kunusia kilichofungwa kwa waya. Ninavyo saba. Kimoja nilikikuta Maramba kikizuia mlango wa banda la mbuzi. Mwenyewe hakujua ni kitu gani, ila alijua nakitaka, basi bei yake ikanikomesha.

Sita ni mabubu. Hicho cha mbuzi nilikifufua kwa betri za tochi. Ukikiwasha husema tik, kisha kimya, kisha tik nyingine, maana mionzi kidogo ipo kila mahali, hata kwenye udongo wa uani. Nilimweleza mume wangu hayo yote kwa ubao na chaki.

"Huyo ni mjusi analia," akasema.

Nimesomesha watoto wa watu mpaka nimeota mvi, nije niambiwe mjusi ndani ya nyumba yangu! Siku mbili sikumsemesha.

Kisha ikaja habari kwamba mavyaa, mama yake mume wangu, anahama Mkwaja kuja kuishi nasi. Chumba kilichobaki kilikuwa cha mashine zangu. Mume wangu akatoa sharti: mama akifika, kama mashine haijalia kilio ambacho hata yeye hawezi kumsingizia mjusi, zote saba zinakwenda kwa mtu wa vyuma chakavu. Ikilia, atanigongea mwenyewe rafu ya kuzipanga.

Nikazunguka nyumba nzima na kifimbo. Nikanusisha ndizi, chumvi, vigae, mpaka mawe ya ufukweni. Tik. Mjusi. Nililia jikoni, na siku hiyo hatukupika kitu chenye kitunguu.

Siku ikafika. Mkokoteni wa vyuma chakavu ulikuwa mlangoni kabla ya mgeni, kwa kuwa mume wangu ni mtu wa mipango. Mashine ya mbuzi nilikuwa nimeiweka kwenye kitanda cha mgeni ikiwa imewashwa, nikiiaga. Mavyaa akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema, akatua kikapu chake kando ya kifimbo.

Mashine ikalipuka kama bisi kwenye sufuria. Mume wangu akaruka nyuma. Mavyaa akaingiza mkono kikapuni, akatoa saa ya mezani iliyoviringishwa kwa khanga, namba zake zimepakwa rangi ya kijani. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha kula daku, na ilisimama wiki aliyofariki. Tangu hapo analala nayo chini ya mto.

Nilielewa papo hapo. Rangi ile ilitiwa rediamu ili ing'ae gizani. Nilifurahi kupita kiasi, nikafungua kinywa kumsomesha mume wangu somo zima. Lakini mavyaa alikuwa analia.

"Yaenda," alisema. "Saa ya marehemu yaenda! Mwanangu, umeitengeneza?"

Ningeitikia, ningekuwa mkwe bora wa pwani nzima. Nikashindwa.

"Hapana, mama. Saa imesimama vilevile. Ni rangi ya namba zake inayotoa mionzi, na mashine inaisikia."

"Itasema mpaka lini?"

"Hata wajukuu wa wajukuu zetu wataikuta inasema."

Akafuta machozi. "Basi ndiye yeye. Akianza kusema, hanyamazi."

Mume wangu akatoka kumrudisha mtu wa mkokoteni, akarudi na futi ya kupimia mbao. Kazi ngumu ilibaki kwangu: kumwambia mavyaa kwamba kitu kile si cha kuwekwa chini ya mto. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe akakubali saa ikae sebuleni, ndani ya kabati la vioo, isifunguliwe. Naye akaweka sharti lake.

Ndiyo maana kila siku baada ya swala ya alasiri naitwa sebuleni kuwasha mashine. Mavyaa hukaa mbali, nilipomwonyesha, ameinamisha kichwa kama mtu anayepewa habari za nyumbani. Jana nilitaka kuizima, betri zisiishe. Akaniinulia mkono.

"Ngoja," akasema. "Hajamaliza."

Nikavuta kiti, nikakaa.