Asali ya Mtani na Mashine ya Nukta Nundu

Nakiri mapema: asali ile niliila kwa hila. Lakini nisikilizeni kwanza.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Tabora, si mbali na stesheni. Kazi ninayoipenda kuliko zote hainilipi: napima vifaa vya mitumba kama vinaelewana na programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuzirekebisha. Kifaa kikiikubali draiva yake, yaani programu ndogo inayokiendesha, nakibandika stika ya kijani iliyoandikwa IMEPITA, kisha nakiingiza kwenye orodha ya mtandaoni ili mwingine asinunue kwa kubahatisha. Stika yangu haijawahi kumwaibisha mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najisifu.

Mteja wangu mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, Mgogo, asiyeona tangu utotoni. Mimi Mnyamwezi wa Goweko. Basi sisi ni watani, na utani wetu ni wa njia ya misafara: mababu zangu walipita Ugogo na mizigo vichwani, mababu zake wakawatoza hongo ndipo wanywe maji.

"Shikamoo, mtoza hongo."

"Marahaba, mpagazi. Umeshatua mzigo?"

Kila Jumamosi alikuja nimsomee barua pepe za binti yake, muuguzi huko kusini. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu. Mwisho wa kila barua niliongeza langu: "Baba, usimsahau fundi anayekusomea, mpelekee asali." Mwanafunzi wake wa zamani anafuga nyuki Ipole, kwa hiyo chupa zilikuja, tena zimejaa. Kwangu ule haukuwa wizi, ilikuwa hongo ya mababu inarudi nyumbani.

Mara nyingine niliruka. Binti akiandika mambo ya ndani mno, ulimi uliniwia mzito, nikakohoa kidogo na kushuka mstari unaofuata.

Siku moja mwalimu akatumiwa kompyuta ya mtumba pamoja na mashine ya kusomea nukta nundu. Ni kibao chembamba chenye vijipini vinavyochomoza na kuzama, ili maandishi ya kompyuta yasomeke kwa vidole.

"Nataka kumsoma mwanangu mwenyewe," aliniambia. "Miaka yote hii namsikia kwa hiyo sauti yako ya debe."

Nikapima. Vijipini vilichomoza, vikazama, vikabadilika kila nilipobonyeza. Nukta nundu sijui hata herufi moja, lakini macho yangu yaliridhika. Nikabandika stika, akaenda nayo nyumbani.

Siku iliyofuata akarudi. "Mpagazi, mashine yako inaandika upuuzi."

Nilicheka. Mtani asipolalamika, ujue anaumwa. "Imekutambua wewe ni nani, ikakata tamaa," nilimjibu, na wateja wote wakaangua kicheko. Akaja tena siku ya pili yake: haisomeki. Nikamwambia atoe hongo kwanza. Akaondoka, nami nikadhani nimemshinda, nikafurahi kwelikweli.

Siku ya tatu alikuja na kompyuta na mashine yake, na hakuniita mpagazi.

"Fundi," alisema, "naomba unisikilize."

Mtani akikuita kwa heshima, maji yamezidi unga. Akatoa kibao chake cha zamani cha chuma na sindano yake, akachoma neno moja kwenye karatasi nene huku akinitajia.

"Sisi tunachoma kwa nyuma, kuanzia kulia, halafu tunageuza karatasi ndipo tusome. Mashine yako inanipa mgongo wa karatasi."

Nikaigeuza karatasi, nikaiweka kando ya mashine, nikaandika neno lilelile. Kweli tupu! Nukta za kushoto zote zilikuwa kulia. Mimi nilipima kuchomoza tu. Jamani, aibu niliyoiona! Mzee wa watu nimemcheka mara mbili mbele za watu, kumbe alikuwa anasema kweli.

Bahati nzuri draiva yenyewe ni huria. Niliifungua, nikatafuta hadi nikapata mahali ambapo safu mbili za nukta zilipangwa kinyume kwa mashine za aina ile, nikazibadilisha nafasi. Marekebisho nikayatuma kwa wanaoitunza. Ile stika nikaibandua kwa kucha.

"Safari hii unapima wewe, mwalimu."

Akaketi kwenye kiti changu, akaweka vidole. Midomo ikaanza kucheza, uso ukakunjuka. Nilitaka kumfungulia barua ya juzi, lakini vitufe alikuwa ameshavizoea, akaanza kurudi nyuma barua moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipokumbuka asali. Chupa yenyewe ilikuwa pale mezani, imebaki nusu.

"Mbona asali siioni?"

Nikaivuta chupa polepole, ikakwaruza meza.

"Barua nne, hakuna asali! Mnyamwezi wewe!" Alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikapumua.

Kisha vidole vikasimama. Vikarudi mwanzo wa mstari, vikapita tena polepole. Akausoma kwa sauti: "Baba, tangu mama atutoke, bado unalala upande wako tu wa kitanda?"

Kicheko kikamwisha.

"Huu hukunisomea."

"Niliona aibu, mwalimu."

"Aliniuliza mwezi wa tatu. Mpaka leo hajajibiwa."

Iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

"Mashine imepita," alisema, akiivuta kompyuta karibu. "Sasa toka nje, nimjibu mwanangu. Na chupa yangu uiache hapo mezani."

Nikaiacha. Nikatoka kwenye kibanda changu mwenyewe, nikasimama juani kati ya bajaji, nikimsikia akibonyeza herufi moja moja.