Panya wa Kusingiziwa

Nisameheni, panya wa hospitali yetu hapa Mpanda. Seva yetu kubwa imegawanywa kama nyumba ya wapangaji, na kila chumba kina kadi yake pepe, ya ndani ya programu tu, ya kufikia ghala la data. Jana mimi, fundi wa kompyuta, nilifuta kadi moja, nikaiunda upya kwa jina lilelile, eti nasafisha. Mfumo ukagoma, wagonjwa wakajaa foleni. Nikamwambia bosi, Mama Kabula, kwamba panya wamekata waya.

Dada Nyamizi, msimamizi wa ghala, akanivuta pembeni. "Kadi mpya ina namba mpya, kaka. Ghala haliitambui." Akaisajili, mfumo ukarudi, wala hakunisema kwa mtu. Mungu ambariki.

Nikashusha pumzi. Mara Mama Kabula akaingia, amembeba paka wake kutoka nyumbani kwake Kawajense.

"Haya, nionyeshe huo waya."